Mito ya Mashua Kuukuu: Namna ya Kuitambua Kazi Nzuri

Mto wa ndani ya mashua ya tanga hufanya kazi tatu. Mchana ni kiti, usiku ni godoro, na saa zote ni kifuniko cha sanduku lililojaa kamba, makopo ya chakula na maboya. Huinuliwa na kurudishwa mara kadhaa kwa siku, hulaliwa na mtu aliyerowa maji ya chumvi, na ubavu wake mmoja huegemea ganda la mashua ambalo kwa nje linaguswa na bahari. Kochi la sebuleni halijui mateso hayo. Ndiyo maana fundi makochi hodari wa mjini aweza kushona mito ya kupendeza isiyomaliza hata msimu mmoja majini, na ndiyo maana mkaguzi mzoefu huigeuza kwanza mito kichwa chini kabla ya kuisifu.

Mashua zinazohitaji kazi hii kwa wingi ni zile za faibaglasi zilizotoka viwandani Ulaya na Marekani kuanzia miaka ya 1960 hadi 1980. Westerly Centaur ya Uingereza, iliyosanifiwa na kampuni ya Laurent Giles na kuanza kuundwa 1969, ni mfano mzuri: urefu wake ni futi 26, zaidi ya 2,400 ziliundwa, na nyingi zingali zinasafiri. Faibaglasi haiozi. Kinachooza ni vilivyomo ndani yake. Mashua za umri huo hubadilisha wenyewe mara nyingi, na kila mwenyewe mpya huikuta mito ya yule aliyemtangulia, pengine hata ile ya kiwandani, ikiwa na rangi ya kahawia au ya chungwa iliyopendwa zama zile.

Ukaguzi wa mito hiyo ya zamani huanza na pua. Harufu ya kuvu iliyochanganyika na dizeli na maji ya ngama haitoki kwa kufua foronya, kwa sababu imekwisha kuingia katika sponji. Baada ya pua hufuata mkono. Sponji ikifinywa na kuacha unga wa njano kiganjani, imekufa: unyevu wa miaka umeuvunja mwili wake, jambo linaloipata upesi zaidi sponji ya jamii ya polista kuliko ya jamii ya polietha. Sponji ya namna hiyo hutupwa. Fundi anayekubali kuivalisha kitambaa kipya amekubali kushona sanda.

Katika kununua sponji mpya, kosa linaloongoza ni kuchanganya ugumu na uzito. Ugumu ni ile nguvu inayohitajika kuikandamiza. Mtu huupima papo hapo kwa ngumi. Uzito ni kiasi cha kilo katika mita moja ya ujazo, nao ndio unaoamua sponji itadumu muda gani. Viwanda vinaweza kutengeneza sponji nyepesi iliyo ngumu, na ngumi ya mnunuzi dukani haitatambua hila hiyo; miezi michache baadaye itakuwa imebonyea mahali pa makalio na haitainuka. Sponji ya kilo 35 hadi 40 kwa mita ya ujazo, au zaidi, inafaa kulaliwa na kukaliwa kila siku. Iliyo chini ya kilo 25 ni ya mito ya kuegemea tu. Muuzaji asiyeweza kutaja uzito wa sponji yake aombwe kipande kiwekwe kwenye mizani.

Unene nao una hesabu yake. Mashua nyingi za zamani zilipewa sponji ya sentimita 7 au 8, ambayo mtu mzima akiilalia ubavu, nyonga yake hugonga ubao. Sentimita 10 za sponji nzuri ndicho kiwango cha kuridhisha, na 12 ni raha, lakini kila sentimita inayoongezwa chini huibiwa juu: kichwa cha aliyeketi hukaribia dari, na magoti yake hukaribia meza. Mafundi wazuri hukwepa mvutano huo kwa kugandisha tabaka mbili, gumu chini na laini juu. Kisha huizungushia sponji faiba nyembamba, ambayo huzijaza pembe na kuifanya foronya iteleze bila kukwama wakati wa kuivisha. Mto usio na faiba hujulikana kwa pembe zake zilizolegea kama masikio ya mbuzi.

Hakuna mashua iliyo na pembe mraba ndani yake. Kitanda cha omo hupungua kuelekea mbele, huku ubavu wa mashua ukipanuka kwenda juu, hivyo sponji hukatwa kwa mteremko, na mteremko huo hubadilika kila hatua kutoka kichwani hadi miguuni. Upande wa kulia na wa kushoto huonekana sawa lakini mara nyingi hupishana, maana makabati ya ndani yalipachikwa kwa mikono. Kwa sababu hiyo vipimo havichukuliwi kwenye mito ya zamani. Sponji yake imesinyaa, kitambaa chake kimevutika, na makosa ya fundi wa kwanza yamo humo humo. Violezo hukatwa ndani ya mashua yenyewe, kwa karatasi ngumu au nailoni angavu, kimoja cha upande wa chini na kingine cha upande wa juu, na kila kimoja huandikwa jina la mahali pake na mshale unaoelekea omo. Fundi aliyefika na futi tu, akapima urefu na upana na kuondoka, tayari amekwisha kuonyesha kazi itakavyokuwa.

Sponji hukatwa kubwa kuliko foronya kwa kiasi cha sentimita moja, ili ikivishwa ijae na kukaza. Ikizidi hapo, mto hutuna kama mkate wa mofa na kukataa kuingia mahali pake. Ikipungua, kitambaa hukunjamana baada ya wiki moja ya kukaliwa.

Kitambaa ndicho wenye mashua wanachobishania zaidi, na kwa kweli hakistahili ubishi wote huo. Pamba ni laini mwilini lakini hunywa maji, huota kuvu na hurudi ikifuliwa. Ngozi bandia ya plastiki hufutika kwa kitambaa kibichi, ila haipitishi hewa; mtu hulala akijitokea jasho, na jasho hilo halina pa kwenda. Akriliki iliyotiwa rangi kabla ya nyuzi kusokotwa haipauki upesi kwa jua la dirishani, kwa kuwa rangi imo hadi kiini cha unyuzi, na ndiyo inayotumika zaidi kwa mito ya nje. Kwa ndani, polista iliyofumwa kwa kubana hutosha kabisa. Wauzaji hujivunia kipimo cha Martindale, yaani idadi ya misuguo ambayo kitambaa kilistahimili kabla ya kuchakaa. Kipimo hicho ni cha kweli na kina maana nyumbani. Kwenye mashua, kitambaa huuawa na chumvi na kuvu muda mrefu kabla ya kuuawa na msuguano, kwa hiyo tarakimu kubwa isimbabaishe mtu.

Kinachofaa kutazamwa kwenye kitambaa ni namna kilivyokatwa. Mtande uende sambamba na ukingo wa mbele wa mto. Ukipinda, ukingo huo utavutika na kujisokota. Kitambaa chenye manyoya, kama mahameli, kilale upande mmoja kwenye mito yote, la sivyo mmoja utaonekana mweusi na jirani yake mweupe ingawa vitambaa vyake vimetoka jora moja. Michirizi ishuke kutoka mto wa mgongo hadi wa kukalia bila kukatika. Jambo hili la mwisho hula kitambaa kingi, na ndilo linalopandisha bei kwa haki.

Mshono hukaguliwa kwa ndani. Zipu ifunguliwe, foronya ipinduliwe, kisha vidole vipite juu ya ukingo wote. Uzi uwe wa polista nene; uzi wa pamba huoza kwa unyevu, na wa nailoni hudhoofishwa na jua. Pande mbili za mshono zifanane. Uzi wa chini ukiwa umenyooka kama waya huku wa juu ukiufunga vitanzi, uzi wa juu ulikuwa umelegea, na mshono huo utafumuka kwa kuvutwa mara moja tu. Tundu la sindano na jingine yaachane milimita 3 hadi 4: yakikaribiana mno yanakitoboa kitambaa mstari mzima kama stempu, yakiachana mno yanacheka mto unapokaliwa. Ukingo uliobaki ndani ya mshono uwe na upana wa sentimita moja au zaidi, nao ufungwe usichanike nyuzi. Mwanzo na mwisho wa kila mshono uwe umerudiwa.

Pembe ndiyo shahada ya fundi. Ukanda wa ubavuni unapozunguka kona lazima ukatwe vijinafasi ndani ili ukunje bila kuvuta, na kila kijinafasi kiishie karibu na uzi bila kuufikia. Kona nzuri haina mkunjo hata mmoja, na kona ya juu imesimama wima juu ya ile ya chini. Ikienda upande, uso na ukanda vilishonwa bila alama za kukutanisha, cherehani ikasukuma kitambaa cha juu mbele ya kile cha chini. Fundi mwangalifu hupiga bandi kwanza au huweka alama kila baada ya shibiri.

Paipini, ule mrija wa kitambaa unaopita ukingoni, hupendeza na pia huulinda mshono dhidi ya kusuguliwa. Kitambaa chake hukatwa hanamu. Kikikatwa sambamba na mtande hakikunji vizuri, na kila kona itakuwa na mabonde. Maungio yake hushonwa kwa mshazari na kufichwa nyuma, karibu na ubavu wa mashua. Ungio linaloonekana mbele ya mto ni ishara kwamba kitambaa kilipimwa kwa ubahili. Namna ya kuikagua paipini ni ile ya seremala anayekagua ubao: jicho moja linafumbwa, lingine linatazama kutoka mwisho hadi mwisho.

Vifungo vya kubonyeza katikati ya mto, vilivyopendwa sana miaka ya 1970, ni heri viachwe. Humchoma anayelala, na kila shimo ni kikombe cha unyevu.

Zipu ya chuma kwenye bahari ni kosa lisilo na utetezi. Meno yawe ya plastiki au nailoni, na kile kichwa kinachotelezeshwa kisiwe cha madini yanayoshika kutu. Zipu hukaa ukanda wa nyuma na kuzunguka kona mbili kwa sentimita kumi hivi kila upande, kwa sababu sponji ngumu haitoki kupitia mlango mwembamba. Zipu fupi husababisha foronya isivuliwe kamwe, na foronya isiyovuliwa haifuliwi.

Sasa mto ugeuzwe. Hewa yenye joto la mwili hupenya sponji, hukutana na ubao baridi na kugeuka maji. Mabaharia wa majahazi waliolala juu ya mkeka hawakuwa na tatizo hili, kwani mkeka unapitisha hewa. Mto mzito wa sponji huziba. Kwa hiyo upande wa chini hushonwa kwa kitambaa cha wavu au chochote kinachopumua, kamwe si kwa ngozi bandia, ingawa hiyo ni rahisi na huteleza vizuri. Chini ya mto ubao wa plaiwudi hutobolewa matundu, au huwekwa vipande vya mbao vilivyoachana, au tandiko la nyuzi ngumu linaloinua mto kidogo. Kazi hii si ya fundi cherehani, lakini fundi asiyeuliza habari zake hajawahi kulala ndani ya mashua.

Moto nao usisahauliwe, maana jiko liko hatua mbili kutoka kitandani na sponji ya kawaida huwaka upesi na kutoa moshi wa sumu. Uingereza ilitunga kanuni za 1988 zinazotaka sponji ya samani za nyumbani ihimili majaribio ya moto. Mito ya asili ya mashua iliyoundwa kabla ya hapo haikutengenezwa kwa kanuni hizo, nayo ni sababu nyingine ya kutoihurumia.

Ukaguzi wa mwisho hufanyika mito ikiwa mahali pake. Kila mmoja uingie kwa kusukumwa kwa viganja na utoke kwa mkono mmoja. Pengo kati ya mto na mto lisizidi upana wa kidole, wala mto usiteleze mashua inapolala upande mmoja kwa upepo. Vifuniko vya masanduku vifunguke bila kuondoa mto wa pili. Kisha mtu mzito kuliko wote waliomo alale ubavu kwa robo saa, ainuke, na sponji itazamwe inavyorudi.

Jaribio moja hubaki, nalo husubiri kipindi cha masika, au majira ya baridi kwa mashua iliyoko Ulaya. Watu wawili hulala usiku kucha madirisha yakiwa yamefungwa. Alfajiri mto huinuliwa na kiganja hupitishwa juu ya ubao. Ubao mkavu ni kazi iliyofaulu. Ukiwa na matone, mito hiyo itanuka kabla ya mwaka kuisha, hata ikiwa imeshonwa kwa kitambaa cha bei gani.