Marashi ya Poda: Subiri Saa Tatu

Kwenye maduka ya pafyumu ya Kahama na Geita mjini, kinachowaponza wanunuzi ni kile kikaratasi cha kunusia. Muuzaji anapuliza, unanusa, hela imeshatoka. Marashi ya maua yenye utamu na harufu ya poda hayanunuliwi hivyo. Broka makini wa dhahabu haweki mzigo kwenye mizani kabla hajauchoma tena, zebaki iliyobaki itoke. Nawe subiri spiriti iruke kwanza.

Chukua Flower ya Kenzo, aliyoitunga Alberto Morillas mwaka 2000, na L'Heure Bleue ya Jacques Guerlain, ya mwaka 1912. Pulizia moja mkono huu, nyingine ule, upande wa ndani wa kiwiko. Usisugue. Nenda kaendelee na shughuli zako.

Flower inapendwa papo hapo: waridi, vaileti, kisha vanila na maski nyeupe, kama shuka iliyotoka kupigwa pasi. Haina mikunjo mingi, na hilo si kosa.

L'Heure Bleue inaanza kwa ukali wa anisi na karafuu, na wengi hukunja uso. Ivumilie. Baadaye inajitokeza airisi, mzizi unaokaushwa kwa miaka kabla ya kukenekwa. Poda za uso za zamani zilinukishwa kwa airisi na vaileti, ndiyo maana pua zetu zikikutana nazo husema "poda". Vanila ipo, lakini imekaa chini ya maua, haijayapanda kichwani.

Hapo ndipo ubora ulipo. Saa tatu baada ya kupulizia, nusa tena: maua bado yapo? Ukikuta sukari tupu inayokwaruza koo, achana nayo, hata chupa iwe nzuri namna gani.

Kiangazi cha Shinyanga, kwa vumbi na ngozi iliyokauka, paka kwanza mafuta yasiyo na harufu, kisha puliza mara moja tu. Joto huamsha utamu kupita kiasi. Mchana kazini ningevaa Flower. Harusi ya usiku, L'Heure Bleue, na nikilazimishwa kubaki na moja, nabaki na hiyo.

Ukinunua mafuta ya kupima yaliyoigizwa, omba tone kwenye ngozi, si kwenye kifuniko. Vanila ni rahisi kuigiza. Airisi ni ghali, na ndiyo ya kwanza kuachwa.