Sare ya Ubao wa Tatu

Sifa za drafti huenda kwa mtu mmoja. Kila kijiwe kina fundi wake, yule ambaye akifika watu wanasogea, akikaa hainuki mpaka giza liingie, na wanaofungwa wanapokezana kiti cha mbele yake kama wateja wa kinyozi mkesha wa sikukuu. Hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, mafundi hao wapo tele. Kata uchochoro nyuma ya vibanda vya mitumba, au simama kidogo kwenye maegesho ya bajaji, utawasikia kabla hujawaona, maana fundi wa drafti hasogezi kete, anaigonga, na kila anayoigonga anaisindikiza na neno.

Sina ugomvi nao. Ila anayenivutia mimi ni mchezaji ambaye jina lake halitajwi sana: yule anayekaa ubao wa tatu siku vijiwe viwili vinapokutana.

Mechi za kijiwe kwa kijiwe hazina kamati wala kombe. Zinaanza kwa majigambo. Waendesha bajaji wamesema neno juu ya mafundi cherehani, neno limefika, na Jumapili mchana, biashara ikiwa imepoa, mbao nne zinapangwa juu ya mabenchi. Ubao wenyewe ni kipande cha plaiwudi kilichopigwa mistari kwa rula na kupakwa rangi mbili, miraba 64, inayochezewa ni nusu yake. Kete ni vizibo vya soda, 12 kwa 12. Upande mmoja unalaza vyake chali, mwingine kifudifudi. Kizibo kikifika mwisho wa ubao kinabebeshwa kizibo kingine mgongoni, na hapo umepata kingi. Juni na Julai, upepo wa mlima Loleza ukishuka mjini, watu wanacheza na makoti mazito, na mkono unatoka mfukoni kwa kazi ya kusogeza kete tu. Wengine makoti hayo watayatundika kwenye henga kesho asubuhi, wayauze.

Kila upande unataja watu wanne kwa mpangilio, wa kwanza mpaka wa nne, na ukishataja umetaja. Mbao zote zinaanza kwa pamoja. Kila jozi inacheza mara mbili ili kila mmoja apate nafasi ya kuanza, ushindi una alama moja, sare nusu, kisha zote zinajumlishwa. Hakuna kigeni hapo. Wacheza sataranji wamekuwa wakipimana hivyo hivyo, timu kwa timu kwenye mbao nne, tangu Olimpiadi yao ya kwanza rasmi iliyofanyika London mwaka 1927.

Mpangilio ndio mtihani wa nahodha. Kishawishi kikubwa ni kumtoa mtu dhaifu ubao wa kwanza, ammeze fundi wa wapinzani, halafu wazuri wako washuke chini kula wepesi. Ligi za sataranji nyingi zina kanuni ya kuzuia ujanja huo: mwenye nguvu akae juu. Mwanjelwa kazi hiyo inafanywa na aibu. Nahodha anayeficha fundi wake ubao wa nne ataulizwa mbele za watu kama fundi anaumwa, na fundi mwenyewe hatakubali, kwa sababu ubao wa kwanza ndiko waliko watazamaji. Kwa hiyo wawili wenye majina wanakwenda juu. Wa nne huwa ni kijana anayejifunza, na timu imekwisha kumsamehe hata kabla hajafungwa. Anabaki wa tatu, ambaye hana watazamaji wala hana msamaha.

Tazama sasa anavyodaiwa. Maisha yake yote ya drafti amecheza chini ya sheria moja: anayefungwa anapisha. Sheria hiyo inalea wachezaji wakali na wenye haraka. Sare pale kijiweni haimfurahishi mtu. Mnapanga upya, mnarudia, na walioko kwenye foleni wananung'unika. Hakuna anayejifunza kuitafuta. Siku ya mechi mtu huyo huyo anaambiwa kwamba nusu ya alama ni mali, kwamba kuna wakati ushindi mzuri si wa kuufukuza, na kwamba akiona timu yake imetangulia kazi yake ni kufunga milango tu. Kucheza vile ulivyozoea ni rahisi. Kuigeuza tabia ndani ya dakika 20, mbao nyingine zikipiga kelele pembeni yako, huo ndio ufundi ninaousemea.

Nitasimulia mechi moja niliyoishuhudia. Mafundi cherehani walikuwa wakiongoza 4 kwa 3, na mchezo uliobaki ulikuwa mmoja, wa pili wa ubao wa tatu. Upande wa cherehani alikaa fundi viatu, mtu wa makamo. Kijiwe kilimhesabu kuwa wao kwa kuwa meza yake iko mlango mmoja nao. Mbele yake alikaa kijana wa bajaji mwenye mkono mwepesi. Katikati ya mchezo fundi viatu alikuwa na mtego wa wazi: alishe kete moja, kijana alazimike kula, kisha yeye azoe tatu kwa mpigo. Kijiwe kizima kiliuona. Kasoro yake ilikuwa moja. Kijana alikuwa na njia mbili za kula, na akila kwa njia ya pili mtego unafumuka, mchezo unakwisha, na mechi inakuwa 4 kwa 4.

Fundi viatu aliutazama mtego ule kwa muda, akauacha. Badala yake alilisha kete mbili upande mwingine kabisa, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama, akasukuma kizibo kimoja kikapita. Watu wakaguna. Alibaki nyuma kwa kete, lakini alikuwa amepata kingi mapema, naye akamweka kwenye ule mstari mrefu unaokata ubao kutoka kona hadi kona.

Kuanzia pale kijana alikula alichotaka. Akaingiza kingi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Watatu kwa mmoja! Kwa mgeni mchezo umekwisha. Lakini kingi wetu hatembei hatua moja moja. Anakwenda umbali wowote njia ikiwa wazi, na aliyekaa kwenye mstari mrefu ana miraba minane ya kutelezea. Hao watatu wakitaka kumbana lazima kwanza wamtoe pale, na kumtoa ni kumlisha mmoja wao, kwa sababu kula ni lazima. Wakimlisha wanabaki wawili. Wasipomlisha, anapanda na kushuka. Kazi yake ni kuangalia tu kila anaposimama, asije akavutwa akaangukia mdomoni mwa mwingine. Manahodha walikuwa wamepatana tangu mwanzo kwamba ikifika hali hiyo zihesabiwe hatua 15. Mtoto mmoja akahesabu kwa sauti. Kijana wa bajaji alijaribu kila kona. Kwenye ya 11 alimlisha kingi mmoja kwa hasira, ukabaki mzunguko usio na tija. "Kumi na tano!" Nne na nusu kwa tatu na nusu.

"Ungemla mapema, kaka, mtego ulikuwa pale pale," kijana mmoja alimwambia fundi viatu baadaye.

"Ningemla mimi. Nyinyi je?" alijibu, akaomba chai yake.

Warusi, ambao kingi wao hukimbia kama wetu, wana jina la somo hilo la watatu kwa mmoja. Alexander Petrov, bingwa wao wa sataranji aliyeandika pia kitabu cha drafti mwaka 1827, alionyesha namna kingi watatu wanavyojipanga pembetatu na kumkamata mmoja ndani ya hatua 15. Pembetatu hiyo ya Petrov, kama wanavyoiita, inafanya kazi pale tu kingi mpweke anapokuwa hana mstari mrefu. Akiwa nao, hakamatiki. Sidhani kama kuna aliyekuwa kwenye mabenchi yale aliyewahi kukiona kitabu cha Petrov. Elimu ile ile imepatikana Mwanjelwa kwa njia ya kufungwa mara nyingi.

Jambo jingine la kuitetea sare limetoka Kanada. Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta walianza mwaka 1989 kutengeneza programu ya kompyuta waliyoiita Chinook, na mwaka 2007 wakatangaza kwamba drafti ya Kiingereza imekokotolewa hadi mwisho: wachezaji wawili wakicheza bila kosa lolote, matokeo ni sare. Sheria za Kiingereza si zetu, kingi wao anakwenda hatua moja, kwa hiyo hesabu ile si ushahidi kwa ubao wa Mwanjelwa. Hata hivyo inamkata maneno anayedai kwamba sare ni mchezo wa waoga. Walau katika drafti moja duniani, sare ndiyo kilele.

Wacheza sataranji nao walichelewa kulielewa hilo upande wa timu. Kwa miaka mingi Olimpiadi iliamuliwa kwa kujumlisha alama za mbao zote za mashindano mazima, kwa hiyo kumchapa mnyonge 4 kwa 0 kulilipa zaidi kuliko kumshinda mkali kwa tofauti ya alama moja. Tangu Dresden mwaka 2008 kinachotangulia ni ushindi wa mechi. Nne na nusu kwa tatu na nusu ya mafundi cherehani wetu ingekuwa ushindi kamili kwa hesabu hiyo, na mimi naona ni haki.

Niseme pia juu ya watazamaji, ambao ndio nusu ya drafti. Siku za kawaida kutia mdomo ni sehemu ya starehe: "Dogo, kula hiyo!" "Mzee, unaingizwa mjini!" Siku ya mechi mwenye kuropoka anaweza kuitia hasara timu yake mwenyewe, na nimeona watu wazima wakiziba midomo kwa viganja ili neno lisiwatoroke. Kuna wanaosema vijiwe hivi vinafuga uvivu, na viongozi hupenda kulirudia hilo mbele ya kamera. Kwa anayecheza saa nne asubuhi siku ya kazi, wana hoja. Jumapili alasiri waache watu wapumzike.

Uganda wamekwisha kuonyesha kwamba ubao wa sataranji unaweza kumtoa mtu mtaani na kumfikisha mbali: Phiona Mutesi alianzia kwenye kibanda cha mwalimu Robert Katende huko Katwe, akafika kwenye Olimpiadi, na mwaka 2016 maisha yake yakawa filamu ya Queen of Katwe. Zambia, majirani zetu hapo ng'ambo ya Tunduma, wana Amon Simutowe, aliyefikia cheo cha juu kabisa cha sataranji. Drafti haina zulia jekundu la namna hiyo hapa kwetu. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, na bao likapata heshima ya wazee. Drafti imeachiwa vijana na vizibo vyao. Siilalamikii hali hiyo sana. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006, na lile la SIDO likaungua mwaka 2017. Watu walipoteza mitaji. Mchezo ambao vifaa vyake vyote unavipata chini ya kreti la soda unarudi siku hiyo hiyo.

Linalonikera ni moja: hatuandiki. Baba Sy wa Senegal alikuwa kati ya wachezaji wakubwa wa drafti waliowahi kuishi. Mwaka 1963 ilibidi apambane na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovieti kuwania ubingwa wa dunia, na mechi hiyo haikuchezwa. Alifariki mwaka 1978 bila taji. Mwaka 1986 shirikisho la dunia lilimtambua kuwa bingwa wa 1963. Michezo yake iliandikwa, hatua kwa hatua, kwa hiyo hata leo mtu anaweza kuketi na ubao akaona kwa macho yake kwamba heshima ile haikuwa huruma. Mtego ambao fundi viatu aliukataa, je? Nimeusimulia hapa kwa maneno, na maneno hayawezi kuupanga upya juu ya ubao. Waliokuwepo wataukumbuka kwa miaka miwili mitatu, kila mmoja kwa namna yake, na kete zitakuwa zikiongezeka kila unaposimuliwa.

Kwa hiyo nawaomba manahodha wa vijiwe vya Mwanjelwa, na wa Soweto, Kabwe na Uyole pia. Nunueni daftari moja la shule. Miraba ile 32 inayochezewa ipeni namba, 1 mpaka 32, muiandike kwa kalamu pembeni mwa kila mraba ili mtu asipotee. Kila ubao wekeni mtoto mmoja anayejua kuandika: kete imetoka mraba gani, imekwenda upi, nani kala. Mnywesheni soda kwa kazi hiyo, na kizibo chake mtakihitaji. Daftari likiwa moja tu na mtoto akiwa mmoja, msimkalishe ubao wa kwanza. Mkalisheni wa tatu.