Juu ya Kusoma kwa Kufahamu

Mara nyingi tumeingia katika darasa la chini, tukamsikia mtoto akisoma pasipo kukwama, kisha akajibu maswali yote ya kitabu. Mwalimu hufurahi, na mgeni husifu. Lakini je, mtoto huyo amefahamu? Na tujaribu sentensi isiyo na maana: "Mdorosi mrefu alitupuza vifendo shambani." Ukiuliza, "Nani alitupuza vifendo?" atajibu upesi, "Mdorosi mrefu." "Alivitupuza wapi?" "Shambani." Amepata alama zote, wala hapana alichofahamu, maana hapakuwa na cha kufahamu. Basi twaona kwamba kosa la maswali kama hayo si wepesi wake. Kosa ni kwamba hayapimi kile tunachodhani twakipima.

Dawa yake ni kusoma kwa kuchungua: kutwaa mistari michache, kuisoma tena na tena, na kila jibu kulifuatisha swali hili, "Neno gani limekuambia hivyo?" Lugha yetu ina hazina kubwa kwa kazi hii. "Alikwenda mtoni akateka maji": maji yametekwa. "Alikwenda mtoni kuteka maji": twajua nia yake tu, labda alirudi na mtungi mtupu. Tena, "Mwana alimwangukia baba yake, akamsamehe." Aliyesamehe ni nani? Herufi *a* yafaa kwa baba na kwa mwana pia, na mtoto hana budi kupima maana kabla ya kujibu.

Wala tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa watoto tu. Mwaka 1929 I. A. Richards wa Cambridge alitoa kitabu chake *Practical Criticism*, akaonyesha jinsi wanafunzi wa chuo kikuu, walipopewa mashairi yasiyo na majina ya watungaji, walivyokosa mara nyingi hata maana iliyo wazi.

Na hasara yake si ya darasani peke yake. Bibi asiyejua kusoma humwita mjukuu wake amsomee barua. Barua yasema, "Nikiuza pamba nitaleta fedha." Mjukuu asema, "Ameuza pamba, fedha zaja." Bibi akopa kwa tumaini hilo. Silabi moja iliyopuuzwa imemtia katika deni.

Hata hivyo yafaa tuonye mambo mawili. Kwanza, uchunguzi hauwezi kuziba pengo la maarifa: mtoto wa bara asiyepata kuona bahari hatafahamu kujaa na kupwa kwa maji kwa kuyatazama maneno tu, mwalimu na amweleze kwanza. Pili, hadithi isipasuliwe kabla haijasikiwa nzima, isije ikawa kama kuku aliyenyonyolewa, ambaye hapana amtambuaye tena. Isomwe yote kwa furaha, ndipo mistari sita au saba ichunguliwe.

Twajua mwalimu mwenye watoto wengi na vitabu vichache atalalamika kwamba hana nafasi. Lakini mistari saba huenea ubaoni, na swali letu halina gharama. Afadhali ukurasa mmoja uliofahamika kuliko kitabu kizima kilichoimbwa.