Mafunzo ya Programu na Mkono wa Mtumiaji

Katika mwaka 1992 chama cha wataalamu wa kompyuta cha Marekani, kiitwacho ACM, kilitoa mapendekezo ya kufundisha vyuoni elimu ya uhusiano baina ya mtu na kompyuta. Kamati iliyoyatunga iliongozwa na Thomas Hewett, na kazi yake yastahili sifa. Elimu iliyokuwa imetawanyika ilipangwa humo kwa utaratibu: matumizi ya kompyuta na mazingira yake, tabia za mwanadamu, umbo la kompyuta na violesura vyake, na hatua za kutengeneza programu. Juu ya hayo, kamati ilieleza masomo manne: mawili kwa idara za kompyuta, moja kwa idara za saikolojia, na moja kwa wanaosomea habari na uongozi wa kazi.

Nia ya mgawanyo huo ilikuwa njema, kwani kila idara ilipewa sehemu iliyoiweza. Lakini hapo ndipo penye udhaifu. Mwanafunzi aweza kufuzu kuandika programu bila ya kumtazama hata mtu mmoja akiitumia, na mwenziwe aweza kufuzu kuchunguza watumiaji bila ya kujua programu huharibikaje. Basi kiolesura huonekana kama rangi ipakwayo nyumba iliyokwisha kujengwa, na mtumiaji kama mgeni ajaye baada ya fundi kuondoka.

Ubaya wa fikira hiyo wadhihirika katika habari za Therac-25, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iliyotengenezwa na shirika la AECL la Kanada. Kati ya mwaka 1985 na 1987 zilitokea ajali 6 zinazojulikana, ambazo wagonjwa walipigwa na mionzi kupita kiasi, na wasiopungua 3 walikufa kwa sababu hiyo. Nancy Leveson na Clark Turner waliichapisha habari hiyo kwa urefu mwaka 1993. Katika mashine za awali palikuwa na vizuizi vya chuma na umeme. Katika hii kazi kubwa ya ulinzi iliachiwa programu.

Katika mji wa Tyler, jimbo la Texas, mwaka 1986, mwendeshaji aliandika herufi ya eksirei mahali pa herufi ya elektroni, akatambua, akarudi juu na kusahihisha upesi. Masahihisho yakikamilika ndani ya sekunde 8 hivi, programu haikuyapokea yote: kiwambo kilionyesha matibabu sahihi, hali mashine imejiweka vingine. Watengenezaji walipojaribu kuirudia ajali hiyo kwanza hawakuweza. Mwendeshaji na mtaalamu wa fizikia wa hospitali ndio waliogundua kwamba siri ilikuwa katika wepesi wa kuandika. Mkono uliozoea kazi ulifichua lililofichika kwa mkono wa mjaribu asiye na haraka.

Je, kasoro hiyo ni ya somo lipi? Mwalimu wa programu atasema ni yake, kwa kuwa sehemu mbili za programu hazikwenda pamoja. Mwalimu wa mambo ya mtumiaji atasema ni yake, kwa kuwa ilihusu mazoea ya mtu kazini. Wote wawili wamesema kweli, na kila mmoja peke yake asingeliiona. Kumtazama mtumiaji, basi, si adabu tu ya kupendeza wateja. Ni njia mojawapo ya kuijaribu programu.

Liko pia jambo la lugha. Ajali ilipotokea, kiwambo kilitoa neno la hitilafu na nambari 54, bila ya maelezo, na mwendeshaji aliweza kuendelea kwa kubonyeza herufi P. Ujumbe usiosema kitu humzoeza mtu kuupuuza. Wenye Kiswahili wana sababu ya kulizingatia hilo, hasa tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mfasiri aandikapo "kosa" pale programu inapokwama, humtia hatiani aliyeketi mbele ya kiwambo, kwa maana kosa lina mkosaji. Aandikapo "hitilafu", asema kwamba kitu kimeharibika, na mtu hatafuti kujitetea. Uchaguzi wa neno moja huamua nani atalaumiwa, wala uchaguzi huo haufai kuachwa mpaka programu imalizike.

Dawa si kuongeza somo la tano. Lafaa somo moja ambalo mwanafunzi aandika programu, ampelekea mwenye kazi hiyo, amtazame akiitumia kwa mwendo wake mwenyewe, kisha arudi kuirekebisha programu pamoja na maneno yake. Na alama zitolewe kwa yote kwa jumla. Mwenye kufaulu kwa nusu tu, ahesabiwe kuwa bado hajafaulu.