Spoku Arobaini

Masimulizi ya safari za baiskeli, popote yanapoandikwa, humsifu mpandaji. Husifu milima aliyoipanda, mvua iliyomkuta njiani, ukarimu wa wenyeji waliompa maji. Ujerumani ina maktaba nzima ya habari za namna hiyo, za watu waliofuata kingo za Mto Elbe hadi Bahari ya Kaskazini, au waliokwenda na Mto Danube nchi baada ya nchi, wakarudi nyumbani na kitabu. Huku kwetu, kati ya Handeni na Korogwe, watu huenda mwendo mrefu kwa baiskeli wakiwa na gunia la mkaa au la mahindi kwenye keria, na hakuna anayeona kuwa hilo ni jambo la kuandikwa. Silalamikii kimya hicho. Ninachodai ni kwamba sifa zimepelekwa mahali pasipo pake. Baiskeli husafiri kwa sababu yuko mtu anayejua kuitengeneza, na umbali ambao mpandaji anathubutu kwenda unategemea mafundi walioko njiani kuliko nguvu za mapaja yake. Anayestahili insha ni fundi baiskeli.

Ushahidi wa kwanza uko barabarani. Kutoka Korogwe mjini hadi Handeni ni kilomita kama 65, na lami imefika miaka ya karibuni tu. Mtu anayetoka Sindeni au Misima na mzigo wake hachukui spana, hachukui pampu, hana solusheni wala kiraka. Msafiri wa Kijerumani angeona huo ni uzembe, maana yeye hufunga chini ya siti kifuko chenye karakana ndogo. Lakini wa kwetu si mzembe. Anajua kwamba kwenye kila kituo chenye maduka matatu na mti mmoja wenye kivuli pana mtu mwenye beseni la maji ya kutafutia pancha, pampu ya mguu, kopo la gololi zilizokwisha kutumika, na tairi kuukuu zinazoning'inia tawini kama tangazo. Vifaa vyake vya safari viko njiani, vinamngoja. Kwa hiyo fundi ni sehemu ya barabara sawasawa na daraja, ila daraja huwekewa jiwe la msingi na huzinduliwa na kiongozi.

Wapo watakaosema: kuziba pancha ni ufundi gani? Mtoto wa darasa la tano huweza. Ni kweli, na nchi ya miiba ya migunga kama Handeni huwafundisha watoto hilo mapema. Basi tuache pancha, tutazame gurudumu. Baiskeli kubwa ya kiume yenye mtaimbo, iwe Raleigh ya Nottingham iliyozaa mtindo huo, au ndugu zake waliofuata kutoka China na India, au hata Swala iliyoundwa kwetu Dar es Salaam, kwa desturi ina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Kila spoku ni waya wa unene wa milimita mbili hivi. Waya wa namna hiyo hauwezi kubeba kitu kwa kusimama, ukiusukuma, unapinda. Unachoweza ni kuvuta. Gurudumu husimama kwa sababu spoku zote zinavutana, za kushoto na za kulia, za juu na za chini, na rimu imeshikwa katikati ya ugomvi huo isiweze kwenda upande wowote. Gunia linapokaa kwenye keria, spoku zilizo chini kwa wakati huo hulegea kidogo, kisha hukaza tena zinapopanda. Zikiwa zimefungwa vema, jambo hilo hutokea maelfu ya mara kwa saa bila madhara. Zikiwa legelege, kila mzunguko huzikunja na kuzikunjua kwenye kiwiko kilicho karibu na habu, na hapo ndipo zinapokatika. Mara nyingi hukatika upande wa cheni, kwa kuwa friwili imechukua nafasi na spoku za upande huo zimesimama wima zaidi na kukazwa zaidi. Spoku ni ya thamani ndogo kabisa, lakini ili uiingize nyingine inabidi friwili ing'oke, na friwili nyingi za baiskeli hizi hung'olewa kwa patasi na nyundo, kwa pigo linalojua lisimame wapi.

Sasa mtazame fundi anaponyoosha rimu inayocheza. Ameigeuza baiskeli, imesimama kwa siti na usukani. Analizungusha gurudumu na kushikilia kitu karibu na rimu, kipande cha chaki au ukucha wa kidole gumba, asikie inapogusa. Rimu ina makosa ya aina mbili, kuyumba kando na kupanda na kushuka, na dawa ya moja huharibu nyingine. Ukikaza spoku ya kushoto ili uivute rimu kushoto, umeivuta pia ndani kidogo, na umeongeza mzigo kwa jirani zake wa kulia. Kwa hiyo mtu asiyejua hukaza, hukaza, mpaka gurudumu linapinda kama namba nane. Anayejua hulegeza robo mzunguko huku, hukaza robo kule, anazigonga spoku kwa bisibisi na kusikiliza: iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba, iliyolegea hutoa sauti ya kopo. Hana mashine ya kupimia mkazo. Ana sikio, na sikio hilo limelelewa na magurudumu ya watu waliorudi kulalamika. Hali ni hiyo hiyo kwenye koni na gololi za habu. Koni ikikazwa mno, gololi hutafuna njia yake. Ikiachwa, gurudumu hupiga kelele na kutikisika. Kipimo ni kuliinua gurudumu na kuliachia: likiwa limefungwa barabara, uzito wa valvu peke yake hulizungusha taratibu mpaka valvu ikae chini. Sijui kipimo kingine chochote cha ufundi kilicho na unyenyekevu na ukali kama huo.

Gololi hizo zinatupeleka Ujerumani, na safari hii haikwepeki. Karl Drais alikwenda kwa chombo chake cha magurudumu mawili kutoka Mannheim mwaka 1817, akisukuma ardhi kwa miguu, maana pedali hazikuwapo. Watoto wa shule huko hulijua jina lake. Wachache zaidi wanamkumbuka Friedrich Fischer wa Schweinfurt, ambaye mwaka 1883 alibuni mashine ya kusaga gololi za chuma zikatoka mviringo kamili na za ukubwa mmoja. Ernst Sachs, wa mji huohuo, alileta mwaka 1903 habu ya Torpedo, inayofunga breki unapokanyaga pedali kinyumenyume. Schweinfurt ikawa mji wa beringi kiasi kwamba mwaka 1943 ndege za Marekani zilikwenda mara mbili kuupiga mabomu ili kuzisimamisha mashine za vita za Ujerumani. Nataja hayo kwa sababu yanathibitisha hoja yangu kutoka upande wa pili. Huko nako, kilichoifanya baiskeli iwe chombo cha safari ni mkono wa mtu wa karakana. Bila gololi zilizo sawa hakuna Elbe wala Danube, na hakuna Sindeni.

Wajerumani hao hao ndio waliojenga reli kutoka Tanga, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, mkonge ukaenea pembeni yake. Novemba 1914, Waingereza walipofika Tanga na meli zao, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alishuka kwa reli hiyo kutoka Moshi, kisha akaingia mjini usiku kwa baiskeli kuchungulia adui alipo. Kisa hicho kimo katika vitabu vya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwenye baiskeli yuko kwenye historia. Aliyezitia grisi gololi zake hayumo. Baadaye manamba waliokata mkonge kwenye mashamba hayo nao walitamani baiskeli, na kwa wengi ndiyo ilikuwa mali ya kwanza yenye magurudumu kuingia katika ukoo. Kila baiskeli iliyonunuliwa ilihitaji mtu wa kuirudisha uzimani.

Kuirudisha uzimani: hapo ndipo mafundi wa nchi mbili wanapoachana, na nakiri kwamba katika kuwapima naegemea upande mmoja. Kijana wa Kijerumani anayetaka kazi hii husoma miaka mitatu na nusu, sehemu darasani na sehemu kubwa karakanani, na tangu 2014 masomo yake yamechanganywa rasmi na umeme na elektroniki. Ni sahihi, kwa kuwa mwaka 2023 huko ziliuzwa baiskeli za umeme kama milioni 2.1, zikazipita za kawaida zilizofika milioni 1.9. Fundi wa Münster leo huchomeka waya wa kompyuta kwenye mota ya Bosch, husoma kosa lililoandikwa, hutoa kifaa kizima na kuweka kingine. Kazi yake ni safi na salama, na ina dhamana. Lakini ujuzi mwingi umehama kutoka mkononi mwake na kuingia kiwandani. Yeye amebaki na ujuzi wa kutambua na kubadilisha. Fundi wa Korogwe hana cha kubadilishia, au anacho lakini mteja hana fedha, na hivyo lazima ajue kitu kinavyofanya kazi ndani mpaka aweze kukiongezea umri.

Mfano mzuri ni baiskeli za mtumba kutoka Ulaya. Huja na gia, nyepesi, za kupendeza. Rimu ya Kijerumani imeandikwa 28, na tairi ya dukani Korogwe imeandikwa 28, mnunuzi anafurahi. Haziingiliani. Rimu ya Kijerumani ya leo ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi inapokaa, na ile ya baiskeli yetu ya mtaimbo ina 635. Tofauti ya milimita 13 huigeuza furaha yote kuwa chuma cha kuegeshwa ukutani. Fundi haegeshi. Anaweza kuitoa ile rimu, akaunga rimu ya 635 kwenye habu yake kama matundu yanalingana, akapima spoku mpya, akazisogeza breki zifikie, akaziondoa gia zisizo na vipuri na kuacha mwendo mmoja. Mhandisi anayefanya hivyo kiwandani huitwa mbunifu. Huyu tunamwita fundi wa kubahatisha.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na sitaki kulipita juujuu. Baiskeli nyingi zinazotoka chini ya mti hazina breki ya nyuma, hazina taa, na mteremko wa kutoka Bungu au Vugiri hausamehe. Sheria ya Ujerumani hudai breki mbili zinazojitegemea, taa, viakisi mwanga na kengele, na fundi wa huko hawezi kujitetea kwamba mteja hakulipia. Katika hili wametushinda. Hata hivyo kosa halitokani na ujinga wa fundi. Mwambie afunge breki mbili na umlipe, atafunga. Anayechagua kuacha breki ni mwenye baiskeli anayehesabu bei ya unga, na hesabu hiyo haitabadilika kwa kumdharau aliyeshika spana. Pengine fundi angekataa kuitoa baiskeli isiyo na breki kama angekuwa na hadhi ya kukataa. Mtu anayeonekana kibarua hawezi kuweka sharti.

Wengine watasema ninasifia umaskini, kwamba kuyapamba maarifa ya uhaba ni anasa ya mtu aliyeshiba. Ningekubali kama ningesema uhaba ubaki. Sisemi hivyo. Kifaa kizuri mkononi mwa fundi huyu kingeongeza kazi yake, na spana ya kung'olea friwili ni bora kuliko patasi, hakuna ubishi. Ninachokataa ni wazo kwamba vifaa vikija, ujuzi ulioko hauna maana tena. Pia husemwa kwamba bodaboda zimekwisha kuizika baiskeli. Zimechukua abiria, ndiyo. Hazijachukua madumu ya maji, na Handeni ni nchi ambayo maji yake ya bomba hutoka mbali, Mto Pangani upande wa Korogwe, na siku yasipotoka ni baiskeli inayokwenda kuyatafuta bila kudai petroli. Isitoshe, pikipiki nyingi za bodaboda nazo zina spoku, na spoku hazikubali kunyooshwa kwa nguvu za injini.

Njia ya kuutambua ujuzi huo ipo: VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima na kumpa cheti mtu aliyejifunza ufundi mtaani, bila kumrudisha darasani miaka yote. Wazo ni zuri, na fundi baiskeli anastahili kupimwa kwa ukali uleule wa fundi magari. Ila mtihani wake usianze kwa karatasi. Apewe habu tupu, rimu, spoku arobaini na nati zake, asiambiwe zipitane mara ngapi, aachwe na bisibisi na spana ya spoku mpaka gurudumu lizunguke bila kugusa chaki. Kisha lifungwe kwenye baiskeli, libebeshwe gunia la mkaa, liende Handeni na kurudi, na alama zitolewe siku ya pili, baada ya msahihishaji kulizungusha tena.