«Haina mambo»: motokari mpya inayolia na wale wanaoiuzisha

Wandugu, leo sizungumzi politike wala minervali. Nazungumza kelele. Ile kelele ya motokari mpya, iliyotoka magazini na plastiki bado juu ya viti, na mtu aliyekuuzishia anakuangalia usoni na kukuambia: haina mambo.

Tuko watatu, wote tulimaliza agronomia hapa Lubumbashi. Tunafuga kuku wa mayai upande wa barabara ya Likasi, na kila wiki tunapeleka mayai Likasi na Kolwezi. Miaka mitatu tulikuwa tunakodi motokari za watu. Mwaka jana tulikusanya likelemba yetu, tukaongeza mkopo wa benki, tukanunua pikapu mpya ya dola 38,000. Mama yangu alikuja kuimwagia maji ya baraka. Mimi nilitia sahihi kwenye karatasi ya kupokea motokari, kurasa nne, bila kusoma hata moja, juu nilikuwa na haraka ya kupiga picha. Ile picha iko bado kwenye profili yangu. Msicheke.

Siku ya pili, Papa shofere wetu akasema: «Hii motokari haitaki kuinama.» Papa huyu ameendesha njia ya Kasumbalesa na Kolwezi zaidi ya miaka ishirini. Nikamjibu kwamba amezoea za zamani, kwamba suspansio za sasa njo vile ziko. Nilikuwa nimesoma kitabu cha matangazo chenye picha za rangi, nikajiona mwenye akili. Hakubishana. Alisema tu «sawa, patro», na ninyi mnajua namna wazee wetu wanavyoweza kutia mambo mengi ndani ya neno «patro».

Safari ya kwanza ya Kolwezi, kilomita kama 300, tulibeba plato 200, ni kusema mayai 6,000. Kufika kule tulihesabu yaliyovunjika: 340. Kwa ile ya kukodi, yenye mlango wa nyuma unaofungwa na kamba, tulikuwa tunapoteza 60, ao 70 siku mvua imeharibu njia. Fikirini: motokari ya kukodi inavunja mayai 70, motokari ya dola 38,000 inavunja 340. Na benki haitaki kujua habari ya mayai. Inataka feza yake tarehe 5.

Tena kulikuwa kelele mbili. Ya kwanza ilikuwa kama sarafu ndani ya kopo, inaanza tukifika kilomita 60 kwa saa na kunyamaza tukipita 80. Ya pili ilikuwa nzito, ngo, ngo, upande wa mbele, kila tukiingia shimoni.

Hapa nisimame kidogo, maana wengi wanafikiri kelele ni kelele tu. Sivyo. Iko ya plastiki: tablo, milango, kiti, klipsi ambayo haikuingia vizuri. Ile inachosha masikio lakini haiui mtu. Unasukuma na mkono mahali inapotoka, ikinyamaza umeipata. Na iko ya chuma, chini. Bati linalozuia joto la bomba la moshi likilegea bulo moja, linalia sawasawa na kopo lenye sarafu, na linalia kwa mwendo fulani tu, maana ni mtetemeko wa mashine unaoliamsha. Gurudumu la akiba linaloninginia chini, kama mnyororo wake haukukazwa, linagonga. Mlango wa nyuma wa pikapu unagonga. Resori za nyuma, zile za mabamba, zinashikwa na bulo ambazo zinapaswa kukazwa tena baada ya kilomita za kwanza, juu chuma kipya kinajikalisha. Na zaidi ya hapo, kelele inayotoka kwenye magurudumu, kwenye usukani ao kwenye breki, hiyo usikubali mtu akuambie ni kawaida, hata kama amevaa kravati.

Sasa tukaenda kwao. Sitataja jina, na jina halina faida, maana wale walionisimulia yao walinunua kwingine na walisikia neno lilelile.

Mara ya kwanza mekanisye alipanda nasi, tukazunguka kiwanja chao chenye sima laini kama meza, kilomita 20 kwa saa. Kelele yenyewe inaanza kwa 60. Akashuka: «Haina mambo, patro. Iko mupya, itajizoea.» Mara ya pili walikaza kitu fulani, sijui gani, na kijana wa mapokezi akaandika kwenye karatasi herufi tatu: R.A.S. Hakuna la kusema. Sisi tuko mbele yake tunasema, yeye anaandika kwamba hakuna la kusema! Mara ya tatu walituomba tuiache siku tatu. Tuliikuta imeoshwa vizuri sana, hata pine zimepakwa mafuta zinang'aa. Tulipofika kwenye shimo la kwanza barabarani: ngo.

Nataka kuwatendea haki, maana nimefikiri sana juu ya jambo hili. Wale vijana si wavivu. Kazi ya garanti inalipwa na kiwanda, na kiwanda kinalipa saa zilizopangwa: kubadilisha kipande hiki, saa moja, kile, saa mbili. Kutafuta kelele hakuna kipande. Unaweza kushinda asubuhi nzima chini ya motokari, mwisho ukakaza bulo moja, na hakuna mtu atakayelipa ile asubuhi. Basi njia ya mkato ni kutosikia. Ongeza na hili: kwetu huku Katanga wateja wakubwa ni kampuni za migodi, zinazonunua motokari kumi kwa mara moja na ziko na mafundi wao. Anayekuja na pikapu moja na habari ya mayai anawekwa nyuma ya foleni.

Nayaelewa haya yote, lakini kuyaelewa si kuyakubali. Bei niliyolipa haikuwa ya motokari peke yake. Ndani yake mlikuwa kazi moja ambayo mnunuzi haioni: kuitayarisha kabla ya kuitoa. Motokari inayotoka ng'ambo inapita merini, inafungwa na minyororo, inashushwa Durban ao Dar es Salaam, kisha inabebwa mpaka hapa karibu kilomita 2,000 ao zaidi. Juu ya safari hiyo wanajaza pine upepo mwingi kupita kiasi, na kwa magari mengine wanaingiza vipande vigumu katikati ya resori za mbele, ili zisinepe na kurusha motokari ndani ya meli. Ikifika, anayeuzisha anapaswa kupunguza upepo, kutoa vile vipande, kukaza bulo, kuijaribu barabarani, na kujaza karatasi kwamba amefanya. Ukurasa wa tatu wa ile nakala niliyotia sahihi ulikuwa karatasi hiyo. Kila kisanduku kilikuwa na alama ya ndiyo.

Aliyeupata ukweli ni Papa shofere. Siku ya Jumapili, bila kutuambia, alitandika karatoni chini, akaingia mgongoni na tochi ya simu. Aliniita. «Angalia, patro. Hizi ni za nini?» Katikati ya mizunguko ya resori ya mbele, kushoto na kulia, kulikuwa na kipande kimekwama. Ndiyo maana haikutaka kuinama, kama alivyosema siku ya pili. Kisha tukapima upepo: karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa shofere ilitaka 2,4, sisi tulikuwa na 3,8. Tulikuwa tunasafirisha mayai juu ya mawe. Na lile kopo la sarafu lilikuwa kweli bati la bomba la moshi, bulo moja haimo kabisa.

Papa alitaka kuvitoa vile vipande palepale. Sisi wasomi tukamkataza. Kwa nini? Kitabu cha garanti: miaka 3 ao kilomita 100,000, na ukigusisha motokari kwa fundi mwingine, wanaweza kusema garanti imeanguka. Angalieni mtego ulivyo mzuri. Yeye hatengenezi, na anakukataza usitengenezewe. Kupunguza upepo tulipunguza, maana pine haina garanti ya mtu. Vingine tuliviacha, na tukapiga tena safari mbili za Kolwezi mwendo wa konokono.

Hapo njo tukamwendea rafiki yetu aliyesoma sheria. Swali lake la kwanza: «Muliwaandikia lini?» Tukaangaliana. Tulikwenda mara tatu, mara zote kwa mdomo. Wandugu, sisi ambao tukiomba kazi ya posho ya dola 200 tunapiga barua nakala mbili, moja inabaki na kashe ya mapokezi, na ile nakala tunaitunza kuliko batismo! Kwa motokari ya dola 38,000 tulikwenda na midomo mitupu.

Alitueleza kwa maneno mafupi. Congo imo ndani ya sheria za OHADA tangu Septemba 2012. Biashara yetu iko na RCCM, wao pia, kwa hiyo ni mauzo kati ya wafanyabiashara. Kasoro inayoonekana siku ya kupokea, mnunuzi lazima amjulishe muuzaji ndani ya mwezi mmoja, akikaa kimya anapoteza haki yake. Kasoro iliyofichika ina muda wa mwaka mmoja tangu ilipogunduliwa, ao ilipopaswa kugunduliwa. Anayenunua kama mtu binafsi, kwa matumizi ya nyumba, anarudi kwenye ile dekreti ya zamani ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo nayo inamfunga muuzaji kwa kasoro zilizofichika, lakini inamtaka mnunuzi asilale. Sisi tulikuwa wiki ya saba. Kwa yale yaliyokuwa wazi, tulikuwa tumechelewa. Vile vipande vya resori, kwa bahati, tungeweza kusema vilifichika.

Tukaandika ukurasa mmoja. Hatukutukana. Nambari ya shasi, tarehe ya kupokea, tarehe tatu tulizokwenda, kelele inasikika kwa mwendo gani, ikiwa na mzigo ao bila mzigo, mashine ikiwa ya moto ao baridi. Picha za vile vipande. Sauti ya kelele tuliyochukua na simu, Papa anaendesha na mimi natamka kilomita kwa sauti. Na nakala ya ukurasa wa tatu, ile yenye ndiyo kila mahali. Kijana wa mapokezi, yuleyule wa R.A.S., alisita kupiga kashe. Alisema lazima amuulize mkubwa. Tukakaa. Tulikaa mpaka saa saba, akapiga.

Juu ya huyu kijana niseme neno, maana labda ananisoma hapa, naye ni lisansie kama sisi. Alinishika pembeni akaniambia polepole kwamba walikatazwa kujaza malalamiko, yanaharibu takwimu za garaje. Namwamini. Lakini ile R.A.S. iliandikwa na mkono wake, kama vile ile sahihi ya kupokea iliandikwa na wangu. Wengi wetu, tukibahatika kupata kazi, tutakaa nyuma ya meza kama ile, na mbele yetu atasimama mtu na hasara yake. Sijui mimi ningeandika nini mkubwa akiwa ananiangalia. Najua tu kwamba yale mayai yalivunjika kwa kweli.

Siku kumi na mbili baadaye walitupigia simu. Kutoa vipande vya resori, kutia bulo ya bati na kukaza za nyuma hakukufika hata saa moja. Mkubwa wa garaje alikuja na vile vipande mkononi, akavitupa ndani ya pipa, akanigonga bega: «Mumeona? Haina mambo.» Nilimwomba anirudishie. Alishangaa, lakini aliviokota. Habari ya kulipa mayai waliikataa kwa mdomo, na kwa karatasi hawajajibu mpaka leo. Barua ya pili imekwisha kwenda, nayo iko na kashe.

Motokari yenyewe si mbaya, lazima niseme. Mashine ina nguvu, mafuta haili sana, na safari iliyopita tulipoteza mayai 52. Mlango wa kulia unalia bado, ule wa plastiki. Papa ameukunjia kipande cha karatoni ya mayai pale kwenye klipsi, na tangu Likasi mpaka Kolwezi hatukuusikia. Tulimwongezea mshahara. Si sana, juu ya benki, lakini tulimwongezea, na asubuhi akisema kitu juu ya motokari, mmoja wetu anaandika tarehe.