Seli "Zionazo" Mwanga: Uhakiki wa Istilahi Mbili

Ilipofika mezani petu rasimu ya kijitabu cha afya kwa watu wa Tunduma wakeshao kazini, hasa madereva wa malori na jamaa zao, tuliikuta imeandikwa kwa Kiswahili chepesi. Hilo ni la kusifiwa. Walakini istilahi zake mbili zaelekea kumpotosha msomaji.

Ya kwanza ni "seli zionazo mwanga". Mwaka 2002 David Berson na wenzake, huko Marekani, walionyesha katika retina za panya kwamba zipo seli chache zihisizo mwanga zenyewe, mbali na zile tuzijuazo za kuonea gizani na za kuonea rangi. Kazi yazo kuu si kuunda taswira. Hupeleka habari kwenye kifundo kidogo cha ubongo kiongozacho usingizi na kuamka. Kabla ya hapo, mwaka 1995, Charles Czeisler na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba kwa baadhi ya watu wasioona kabisa, melatonini, homoni ya usiku, hupungua macho yao yamulikwapo. Basi kitenzi "kuona" hakifai. Rasimu yenyewe ilinaswa na neno lake, ikaandika kwamba asiyeona hahusiki na ushauri wa mwanga! Twapendekeza "seli hisimwanga".

Ya pili ni "mdundo wa ubongo", neno lililobebeshwa mizigo miwili. Mahali pengine lamaanisha mawimbi ya umeme ya ubongo, kama yale ya alfa aliyoyaeleza Hans Berger mwaka 1929, yapatayo mara kumi hivi kwa sekunde na kuongezeka mtu afumbapo macho. Mahali pengine lamaanisha mwendo wa saa 24. Mdundo tuiachie ngoma. La kwanza liitwe "mawimbi ya ubongo", la pili "mzunguko wa siku".

"Saa ya mwili" yaweza kubaki, mradi ielezwe. Na Tunduma mfano upo mlangoni: saa moja asubuhi hapo ni saa kumi na mbili Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ilhali jua ni lile lile. Dereva avukapo huirudisha nyuma saa ya mkononi. Ya mwilini haijongei, kwa kuwa hurekebishwa na mwanga. Mswahili, ahesabuye saa tangu mapambazuko, hapati taabu kulielewa jambo hili. Rasimu ilimwandikia "7:00". Tumeirudisha kwa waandishi ili isomeke saa moja.